Paul Ngozi: Mzambia aliyepiga gitaa kwa meno, akafufuka kwenye ngoma ya Tyler, The Creator

Oktoba 2024 rapa wa Marekani, Tyler, The Creator, aliachia ngoma inayoitwa Noid. Ndani yake kuna gitaa zito linalokwaruza, halafu ghafla inaingia sauti ya mwanaume anaimba Kinyanja.

Marekani watu wakaanza kuulizana ile ni lugha gani. Tunduma swali hilo halina uzito. Unavuka mpaka kwa miguu, unaingia Nakonde, tayari uko Zambia. Ni kweli Nakonde wenyewe ni watu wa Kinamwanga na Kibemba, Kinyanja ni cha Lusaka zaidi, lakini kwenye mji ambao kwacha na shilingi zinakaa mfuko mmoja, lugha nayo huwa haikai foleni na malori.

Mwenye sauti ile alikuwa amefariki miaka 35 kabla ya ngoma hiyo. Anaitwa Paul Ngozi.

Jina lake halisi ni Paul Dobson Nyirongo. Kwa Kiswahili ngozi ni hii inayofunika mwili, au ile ya ng'ombe. Kwa Kinyanja ni ajali, hatari, balaa. Yaani jamaa alijiita Paul Balaa, na bendi yake akaiita Ngozi Family, familia ya balaa. Wimbo ambao Tyler alichukua kipande chake unaitwa Nizakupanga Ngozi, kwa maana ya karibu ni kwamba nitakuletea balaa.

Zambia ya shaba na magitaa

Ili kumwelewa lazima urudi kwenye Zambia ya wakati ule. Nchi ilipata uhuru Oktoba 24, 1964, na shaba ilikuwa inalipa. Vijana wa migodini na wa Lusaka walikuwa na hela ya kununua santuri, redio na magitaa ya umeme. Walisikiliza Jimi Hendrix, The Rolling Stones, James Brown. Kisha Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa gitaa, akaagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Vijana waliokua na roki ya Uingereza na Marekani wakapewa redio nzima waijaze wao. Kilichotoka baadaye kikaitwa Zamrock: gitaa la Hendrix, midundo ya nyumbani, maneno ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja.

Upande huu wa mpaka hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba unaharibu vijana, na magitaa yetu yakaelekea zaidi kwenye dansi. Walikuwepo wabishi kama bendi ya Sunburst ya Dar, lakini hata hao walihamia Lusaka, na albamu yao Ave Africa ikatoka mwaka 1976 wakiwa huko. Hiyo peke yake inakuonyesha roki ilikuwa na nyumba wapi.

Watu watatu, kelele nyingi

Paul Ngozi alikuja na kikosi kidogo: gitaa, besi na drams. Kwenye drams alikaa Chrissy Zebby Tembo, ambaye naye ana jina lake kwenye historia ya Zamrock. Mwaka 1976 wakatoa Day of Judgement. Mwaka uliofuata ikaja 45,000 Volts, jina ambalo ungelikuta kwenye nguzo ya umeme pamoja na fuvu.

Jukwaani Ngozi alikuwa noma. Alipiga gitaa kwa meno, mchezo aliorithi kwa Hendrix, na watu walijaa kwenda kushuhudia hilo tu.

Lakini ukisikiliza santuri zenyewe, bila kumwona, kinachokupiga ni ukavu wake. Hakuna mapambo. Gitaa limekwaruzwa mpaka linalia kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta, drams zinakimbia, sauti inaimba kama mtu anayeita konda stendi. Mwaka huohuo wa 1976 Ramones walitoa albamu yao ya kwanza kule New York, ile inayotajwa kila watu wanapoongelea mwanzo wa punk. Lusaka kulikuwa na mtu tayari yuko kwenye ukali uleule, na hawakujuana.

Nani zaidi?

Hapa ndipo ubishi wa mashabiki wa Zamrock hauishi. Wengi watakwambia baba lao ni WITCH, bendi ya Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger. Wana hoja. Albamu ya WITCH, Introduction, ilitoka 1972, wakati Ngozi Family bado haijasikika. Upangaji wao wa vyombo ni wa juu, na Jagari yuko hai, bado anazunguka dunia kupiga shoo. Wengine watakutajia Amanaz, au Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, waliokwenda kurekodi Nairobi.

Kwa ufundi, Ngozi hashindi ubishi huo. Ukiweka WITCH na Ngozi Family sahani moja baada ya nyingine, utasikia mara moja bendi ipi ilifanya mazoezi zaidi.

Ila ufundi siyo hesabu yote. WITCH wa mwanzo waliimba sana Kiingereza, kama watu wanaoongea na London. Ngozi aliongea na uswahilini. Mwaka 1977 alitoa albamu akaiita The Ghetto, na kadiri miaka ilivyokwenda Kinyanja kilizidi kuchukua nafasi kwenye nyimbo zake, na habari zikawa za nyumba za kupanga, ndoa na maisha ya mtaani. Hata asiyejua Hendrix ni nani alimwelewa.

Kuna ubishi mwingine wa vijana wa siku hizi, waliomjua kupitia simu: kwamba Ngozi ndiye babu wa roki ya miaka ya 90, ya kina Nirvana na wenzao wa Seattle. Masikio yanaweza kukubali, maana gitaa chafu na sauti isiyosafishwa vyote vipo. Historia inakataa. Nevermind ya Nirvana ilitoka 1991, na wakati huo santuri za Ngozi zilikuwa kwenye masanduku ya watu Zambia, hazijasambaa Marekani. Kufanana siyo kuzaa. Kumpa sifa ambayo siyo yake ni kumfanya aonekane anahitaji kuazima jina la Wamarekani ili awe mkubwa.

Shaba ikaanguka

Katikati ya miaka ya 70 bei ya shaba ilidondoka na mifuko ya Wazambia ikakauka. Mpaka na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu 1973, na ndiyo maana reli ya TAZARA, inayopita Tunduma kwenda Kapiri Mposhi na kukabidhiwa rasmi 1976, ilikuwa roho ya nchi. Vita vya majirani vikaleta amri za kutotembea usiku. Bendi zikawa zinapiga mchana, na roki ya saa tisa alasiri siyo roki ya saa sita usiku.

Halafu ikaja disko, isiyohitaji kulipa mpiga drams. Zamrock ikaanza kufa. Miaka iliyofuata UKIMWI ukamaliza kizazi kile vibaya: wanamuziki wengi wa WITCH ya zamani waliondoka, akabaki Jagari.

Ngozi hakung'ang'ania. Aliegemea kalindula, muziki wa dansi wenye asili ya nyumbani, na akabaki na watu wake wakati wenzake wengi wa roki wamenyamaza. Kwa Wazambia wengi waliokuwa watu wazima miaka ya 80, Paul Ngozi ni huyo wa kalindula. Ile roki ni ujana wake tu. Alifariki 1989.

Miaka ya 2000 wakusanyaji wa santuri kutoka Ulaya na Marekani walianza kusaka Zamrock. Nakala za zamani zikauzwa bei ya kutisha, kisha lebo za nje zikaanza kuzitoa upya, Day of Judgement ikiwemo. Kwa njia hiyo sauti ya Ngozi ikafika kwenye masikio ya watengeneza biti.

Noid ilitangulia albamu ya Tyler, Chromakopia, iliyotoka Oktoba 28, 2024 na kwenda moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard 200. Kwenye maelezo ya albamu hiyo, Ngozi Family wametajwa.