Mchungaji kati ya Wanane wa Kutisha

Jenkin Alban Davies alizaliwa mwaka 1885 huko Aberaeron, mji mdogo wa pwani ya Wales. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, na tena mchezaji wa timu ya taifa ya raga, mchezo wa kubeba mpira mikononi na kusukumana kwa nguvu. Aliichezea Wales mara 7, katika miaka ya 1913 na 1914.

Mwaka 1914 aliongoza wachezaji 8 wa mbele walioitwa Wanane wa Kutisha. Timu yao ilizishinda Scotland, Ufaransa na Ireland. England iliwapita kwa pointi 1 tu. Mchezo wa Belfast dhidi ya Ireland ulijaa ngumi. Inasimuliwa kwamba aliulizwa kama matusi ya wenzake hayakumuudhi, naye akajibu kuwa kofia yake ya mchezo ilimziba masikio.

Mwaka uleule vita ilianza, naye akatumika kama kasisi wa askari. David Watts, mmoja wa wale wanane, aliuawa Ufaransa mwezi wa Julai 1916. Alban Davies alifariki Los Angeles, Marekani, mwaka 1976.

Ndugu wachungaji, sisi huwaambia vijana waache uwanja kwa sababu ya matusi yaliyoko huko. Kasisi huyu aliingia uwanjani pamoja nao, akatoka na matope yaleyale. Siku ya kuwazika itakapofika, watu hawa watamtafuta nani, kama hawamjui mchungaji hata mmoja?