Samuel Ajayi Crowther: Mtoto wa Vita Ambaye Mungu Hakumsahau



Maswali yanayotufikia katika vikundi vya maombi ni yale yale. Je, tutarudi nyumbani? Je, jina letu litatoka kwenye orodha ya wanaosafiri? Na yule mtoto tuliyepotezana naye njiani usiku ule, bado yu hai? Majibu ya maswali hayo hatuna. Lakini safari hii tumeona vema kuwaletea maisha ya mtumishi mmoja Mwafrika aliyeishi miaka mingi na maswali kama hayo. Jina lake ni Samuel Ajayi Crowther.

Asubuhi ya vita

Ajayi alizaliwa karibu na mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mwaka 1821 wavamizi waliuzingira mji huo asubuhi, wakati akina mama wakitayarisha chakula. Baba yake alikuja mbio nyumbani, akawaambia wakimbie, naye akarudi kupigana. Hawakumwona tena. Ajayi, mama yake na dada zake wadogo wawili, mmoja akiwa bado ananyonya, walikamatwa vichakani, wakafungwa kamba na kuondolewa huku mji ukiungua nyuma yao.

Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tunaijua asubuhi ya namna hiyo.

Siku chache baadaye mateka waligawanywa, na mtoto akatenganishwa na mama yake. Mara moja alibadilishwa kwa farasi. Baadaye akauzwa tena na tena, kila mara akisogezwa karibu zaidi na bahari. Mtoto huyo alikata tamaa hata akajaribu kujinyonga usiku. Tunalisema jambo hili wazi kwa sababu wapo kati yetu waliofikia hapo, na wanaona aibu kulisema kanisani. Mtumishi mkubwa wa Mungu alipita hapo, naye Bwana hakumwacha.

Mwaka 1822 aliuzwa kwa Wareno huko Lagos na kupakiwa katika meli pamoja na watumwa wengine, jumla yao 187. Hiyo ilikuwa tarehe 7 Aprili. Jioni ile ile meli za kivita za Uingereza, zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara wa watumwa, ziliikamata meli hiyo. Ajayi hakujua kama hao waliokuja ni waokoaji au ni wanunuzi wengine.

Mgeni katika nchi ya watu

Hakurudishwa kwao. Alipelekwa Sierra Leone, mbali sana na Osogun, mahali walipokuwa wakikusanywa watu waliookolewa kutoka katika meli za watumwa. Huko kulikuwa na makabila mengi na lugha nyingi, watu waliotupwa pamoja bila kuchagua, kama ilivyo hapa kwetu. Ajayi aliwekwa katika kijiji cha Bathurst.

Je, alifanya nini na miaka hiyo? Alijifunza kusoma, na kwa muda wa miezi sita tu akaweza kusoma Agano Jipya. Alijifunza pia useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa na kuitwa Samuel Crowther. Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa mjini Freetown, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Akawa mwalimu, akamwoa Asano, msichana aliyeokolewa utumwani kama yeye, ambaye alibatizwa kwa jina la Susan.

Hapo ndipo tunapopenda vijana wetu waangalie vizuri. Crowther hakuwa na habari ya mama yake, wala hakuwa na ahadi kutoka kwa mtu yeyote kwamba siku moja ataiona nchi yake. Lakini hakuyafanya maisha yake kuwa kikao cha kungojea. Kazi iliyokuwa mbele yake aliifanya kwa uaminifu, na Mungu alikuwa akimwandaa kwa kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiona bado.

Mwaka 1841 aliingia katika msafara wa kupanda mto Niger. Wengi katika msafara ule walikufa kwa homa, yeye akarudi salama. Mwaka 1843 alipewa daraja la ukasisi mjini London. Kisha kanisa likamtuma mahali asipopategemea: kwa watu wake mwenyewe, Wayoruba.

Chini ya jiwe

Mji aliotumwa unaitwa Abeokuta, maana yake chini ya jiwe. Ulianzishwa karibu na mwaka 1830 na watu waliokimbia vita vile vile, wakajificha kwenye mwamba mkubwa uitwao Olumo. Kwa hiyo Crowther, mkimbizi, alikwenda kuhubiri katika mji wa wakimbizi. Lakini hata huko hakufika mara moja. Njia ilifungwa kwa sababu ya vita, akakaa Badagry, pwani, zaidi ya mwaka mmoja akingoja, huku akihubiri palepale alipokwama.

Alifika Abeokuta mwaka 1846. Tarehe 21 Agosti mwaka huo mama yake, Afala, aliletwa mlangoni kwake. Ilikuwa imepita miaka 25. Mama yule alikuwa akitetemeka, hakuamini macho yake. Walishikana, wakatazamana kimya, machozi yakitiririka. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa, akapewa jina la Hana, kama yule mama wa Samweli katika Biblia.

Hatusemi kwamba kila aliyepotea kati yetu ataonekana. Baba yake Crowther hakurudi. Wala hatusemi kwamba vita na utumwa vilikuwa vyema. Vilikuwa uovu, na waliovitenda watatoa hesabu. Tunachosema ni kwamba uovu ule haukuweza kumwondoa Ajayi mikononi mwa Mungu. Yusufu naye aliliona hilo huko Misri.

Askofu, na majaribu ya uzee

Crowther aliongoza kazi ya kutafsiri Biblia katika Kiyoruba, akiwasikiliza wazee kwa makini ili apate maneno ya kweli ya watu wake. Mwaka 1857 alitoa kitabu cha kwanza cha kujifunzia kusoma Kiigbo. Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, aliwekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Alijulikana pia kwa kuzungumza na Waislamu kwa heshima na bila ugomvi.

Msidhani basi kwamba mwisho ulikuwa mtamu. Katika miaka yake ya mwisho wamisionari vijana kutoka Uingereza walimdharau, wakawafukuza watenda kazi wake Waafrika, na mwaka 1890 mzee huyo alijiuzulu katika kamati iliyosimamia kazi hiyo. Maumivu hayo hayakutoka kwa adui wa vita, yalitoka ndani ya kanisa. Hata hivyo hakuiacha imani. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na aliyewekwa askofu baada yake katika kazi ya Niger alikuwa Mzungu.

Haki ilichelewa, lakini haikuzikwa. Mwaka 2014, miaka 150 baada ya kuwekwa wakfu kwake, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliomba msamaha hadharani kwa jinsi Crowther alivyotendewa. Nayo makanisa ya Nigeria leo yana waumini mamilioni.

Wapendwa, mtoto yule aliyebadilishwa kwa farasi hakujua hata moja ya mambo haya. Alijua kazi ya siku ile tu. Basi mwalimu wa watoto chini ya mti asichoke, fundi cherehani asichoke, mama anayelea yatima asichoke. Tusome nyumbani Mwanzo 37 hadi 50, jioni moja sura moja, na watoto wakisikiliza.

Tuombe: Bwana, wewe unajua waliko wapendwa wetu na unaijua kesho yetu. Utusaidie kuwa waaminifu leo, hapa ulipotuweka. Amina.