Mwalimu Nyerere na Darasa la Gumbaru

Walimu wa gumbaru wa Kitale na Bungoma huniuliza mara kwa mara jinsi ya kumfundisha mtu aliyewazidi umri. Aghalabu hutarajia niwatajie wataalamu wa ng'ambo. Mimi huwasimulia habari za jirani yetu, Julius Kambarage Nyerere, ambaye wengi humkumbuka kama rais na kusahau kwamba ualimu ulikuwa kazi yake hasa.

Alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mwana wa chifu wa Wazanaki, akaanza shule Musoma akiwa na umri upatao miaka 12. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikuja kukipata baadaye, kisha akakimudu hata akamtafsiri Shakespeare. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu, hadi mwaka wa 1955 alipoacha chaki kwa ajili ya TANU.

Mnamo 1964 alishikilia kwamba watu wazima wasomeshwe kwanza, maadamu watoto wangechukua miaka mingi kabla ya kuufaa uchumi. Mwaka wa 1970 aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima. Katika nchi za Ziwa, mkulima wa pamba alisomea kitabu cha pamba, na mvuvi kitabu cha uvuvi. Mwaka wa 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mnamo 1967 watu wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama 10.

Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanafunzi hakuchukuliwa kuwa debe tupu. Mkulima wa Trans Nzoia aliyepanda mahindi miaka 30 ana elimu. Kumpa sentensi za watoto wa chekechea ni kumdunisha, naye hatarudi kesho. Mama muuzaji wa soko la Chwele hujumlisha na kutoa kichwani kutwa nzima. Akosacho ni kuziandika hesabu hizo, basi mwalimu na aanzie hapo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka tuige Tanzania kwa kila jambo. Huko Kiswahili kilitosha. Mzee wa Bungoma aanze kwa Lubukusu, lugha anayoifikiria, ndipo avuke. Isitoshe, Nyerere mwenyewe aliupinda msimamo wake. Katika miaka hiyohiyo ya sabini, wanakijiji waliofunzwa kujadili na kuamua walihamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa. Sijui mwalimu yeyote wa watu wazima awezaye kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Aling'atuka urais mwaka wa 1985. Uchumi ulipodorora, fedha za madarasa hayo zikapungua, na baadhi ya waliojua kusoma wakasahau kwa kukosa magazeti na vitabu vijijini. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.