George Boole: mtoto wa fundi viatu ndani ya Python

Wengi tunaingia mtihani wa Python tukiwa tumemeza desa: alama ya + inajumlisha, basi. Mimi mtoto wa Nansio nimeona opereta zinaeleweka vizuri zaidi ukijua maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake limo ndani ya lugha yenyewe.

George Boole alizaliwa Lincoln, Uingereza, tarehe 2 Novemba 1815. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyependa kutengeneza darubini kuliko kushona viatu, na biashara ikafa. Kijana akaanza kufundisha akiwa na miaka 16 ili wazazi na wadogo zake wapate kula. Akiwa na miaka 19 akafungua shule yake mwenyewe. Chuo hakusoma kabisa. Hisabati alijifunza peke yake, vitabu vya Kifaransa vikiwemo.

Mwaka 1844 Royal Society ya London ikampa medali ya dhahabu. Makala yake ilihusu jambo ambalo leo ni mkate wetu: alama ya tendo inaweza kuchunguzwa peke yake, mbali na kile inachokitenda.

Sasa fungua Python. 3 + 4 inatoa 7. "Nan" + "sio" inatoa "Nansio". Alama ni ileile, majibu ni ya aina mbili. Kwa kawaida Python hukiuliza kitu cha kushoto: ukijumlishwa na huyu, unafanyaje? Jibu limo kwenye methodi yake iitwayo __add__. Kikishindwa, kinaulizwa cha kulia kwa __radd__. Wote wakishindwa, unapata TypeError. Kwa hiyo ukitengeneza klasi ya mzigo wa dagaa, wewe ndiye unayeamua + ifanye nini: ijumlishe kilo tu, au ikatae kuchanganya gunia kavu na lililolowa? Ukiamua vibaya programu haitapiga kelele, ila mwenye mzigo atalia.

Mwaka 1847, na tena 1854, Boole alizipeleka alama kwenye fikra zenyewe. 1 ni vyote, 0 ni hakuna, x ni kundi. Chagua wavuvi kati ya watu wa Nansio, halafu chagua wavuvi tena kati ya hao: unabaki na walewale. Yaani x mara x ni x. Huko ndiko zilikotoka and, or na not.

Hizi tatu, tofauti na +, huwezi kuzibadilisha kwenye klasi yako. Ukiandika "meli ipo and meli ina nafasi", na meli haipo, Python haihangaiki hata kuuliza nafasi. Methodi ya kawaida isingeweza hilo, maana ingetaka kujua pande zote mbili kwanza. Kitu chako kinaruhusiwa kusema tu kama kinahesabika kweli au uongo, kupitia __bool__. Hilo ndilo jina la Boole.

Mwaka 1849 akawa profesa wa hisabati huko Cork, Ireland, bila digrii hata moja. Novemba 1864 alitembea kwenye mvua kwenda darasani, akafundisha na nguo zilizolowa, akapata nimonia. Alifariki tarehe 8 Desemba, akiwa na miaka 49, akaacha mjane na mabinti watano. Mwaka 1937 Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwamba swichi za umeme zinafuata hesabu yake.

Kwa hiyo wewe mwenye sapu, ukikutana na opereta usikariri alama. Uliza nani anajibu. Anza na hii: andika True + True. Utapata 2, kwa sababu bool imerithi kutoka klasi ya namba nzima. Boole angebisha, kwake kundi kujijumlisha na lenyewe halikuwa na maana.