Mama Anne-Marie Javouhey

Anne-Marie alizaliwa mwaka 1779 huko Ufaransa, binti wa mkulima. Alipokuwa kijana, serikali ya mapinduzi iliwasaka mapadre waliokataa kiapo chake, na wengi wakauawa. Msichana huyu akathubutu kuwaficha, akawafundisha watoto dini kwa siri. Mwaka 1807 yeye na ndugu zake watatu wa kike wakaweka nadhiri, na huo ndio mwanzo wa Masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny.

Alikaa Senegali kitambo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa Mana, katika Guyana ya Wafaransa, nchi ya misitu na homa, alikofika mwaka 1828. Wagonjwa wa ukoma waliotupwa kisiwani akawahamishia karibu naye. Mwaka 1835 serikali ikamkabidhi Waafrika kama 500, waliokamatwa katika majahazi ya watumwa, awatayarishe kwa uhuru. Akawafundisha kulima na kujitegemea, wala hakuruhusu wapigwe mijeledi. Tarehe 21 Mei 1838, watu 185 walipewa hati zao za uhuru siku moja.

Msidhani kwamba jambo hilo liliwafurahisha wote. Mabwana wenye mashamba walichukia mno, maana watumwa wao nao wangetaka kuwa huru. Lililo chungu zaidi, Askofu wa Autun alitaka kulitawala shirika lake, naye akakataa. Basi huko Guyana mapadre wakaamriwa kumnyima Sakramenti. Karibu miaka miwili mama huyu alihudhuria Misa, akawaona watawa wenzake wakienda kukomunika, yeye akabaki mahali pake akilia. Hata hivyo hakuliacha Kanisa, wala hakuwaacha watu wake mpaka alipoondoka mwaka 1843.

Mwaka 1848 Ufaransa ilikomesha utumwa katika makoloni yake yote. Husimuliwa kwamba watu wa Mana, walipopata haki ya kuchagua mjumbe wa baraza la Paris, walitaka kumchagua Mama Javouhey. Wakaambiwa mwanamke hawezi kuchaguliwa. Wakajibu kwamba, kama si yeye, hawamtaki mwingine.

Hakurudi Mana tena. Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1851, na mwaka 1950 Papa Pius XII akamtangaza Mwenye Heri.