Maisha ya Daktari Ian Donald

Hapa kwetu Nyakabanda, mjini Kigali, mama mjamzito akirudi kutoka hospitali na picha ya mtoto aliye tumboni, jirani hutaka kuitazama. Lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyeianzisha kazi hiyo. Basi nitawasimulia habari zake kama nilivyozisoma.

Ian Donald alizaliwa tarehe 27 Desemba 1910 huko Liskeard, Uingereza, katika ukoo wa madaktari. Ujanani alisoma Afrika Kusini, kisha akaenda London, akahitimu udaktari mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mganga wa jeshi la anga. Ndege ya mabomu ilipoanguka na kuwaka moto, aliingia ndani akawaokoa askari, naye akapewa nishani mwaka 1946.

Mwaka 1954 alifanywa profesa wa ukunga mjini Glasgow. Siku zile mafundi wa viwanda walitumia sauti isiyosikika kwa sikio la mtu kutafuta nyufa ndani ya chuma. Donald akawaza: kama mwangwi huonyesha ufa wa chuma, mbona usionyeshe yaliyomo tumboni? Julai 1955 alipakia garini uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, pamoja na nyama ya ng'ombe ya kulinganishia, akavipeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox, Renfrew. Akaona kwamba mwangwi wa uvimbe wa maji ni mbali na ule wa uvimbe mgumu.

Wengine walimcheka. Ndipo akaletwa mwanamke aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Chombo kikaonyesha uvimbe wa maji tu, akapasuliwa, akapona. Tarehe 7 Juni 1958, Donald, Daktari John MacVicar na fundi Tom Brown walitangaza kazi yao katika gazeti la waganga, The Lancet.

Wengine wakaiendeleza. Leo, mimba ikiwa ya wiki 18 hadi 22, mganga stadi huweza kuona vyumba vinne vya moyo wa mtoto, vali zake na mishipa mikubwa. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, kama mmoja ana kasoro ya moyo. Ikijulikana mapema, mama hujifungulia penye waganga wa moyo, mtoto asije akafa njiani.

Donald mwenyewe alikuwa na maradhi ya moyo, akapasuliwa mara tatu, wala hakuacha kazi. Alifariki tarehe 19 Juni 1987.

Mimi namsifu kwa jambo moja hasa: hakuona haya kwenda kwa mafundi wa chuma kuomba maarifa. Nasi tunaosoma fizikia na biolojia tusiyatenge masomo hayo kama jirani wasioamkiana.