Lionel Hampton: Gwiji wa marimba ya chuma aliyeupinga ubaguzi kwa vijiti vyake

Mwanamuziki Mmarekani Lionel Hampton, aliyefariki dunia mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 94, ndiye aliyekitoa chombo kiitwacho vibrafoni pembeni mwa studio na kukiweka mbele ya jukwaa la jazz. Alikuwa pia miongoni mwa wanamuziki weusi wa kwanza kupiga muziki hadharani pamoja na wazungu, katika nchi ambayo wakati huo sheria na desturi zake ziliwatenga watu kwa rangi ya ngozi.

Kwa wakazi wa Nchelenge, Kashikishi na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Mweru, muziki unaopigwa kwa vijiti si jambo geni. Upande wa kusini, huko Mwansabombwe, mlio wa mondo, ngoma ya gogo isiyo na ngozi, husikika kila mwezi wa Julai katika sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe wa Walunda. Magharibi mwa Zambia, Walozi na Wankoya wanayo silimba, marimba ya mbao yenye vibuyu chini yake. Ujuzi wa namna hiyo ulivuka bahari ya Atlantiki pamoja na Waafrika waliotekwa na kupelekwa utumwani, na hata neno lenyewe, marimba, lenye asili ya lugha za Kibantu, likabaki katika vinywa vya watu wa Amerika.

Vibrafoni ni jamaa ya mbali ya silimba. Mahali pa mbao pamewekwa vipande vya aluminiamu, na mahali pa vibuyu pana mabomba ya chuma. Ndani ya mabomba hayo mna visahani vidogo vinavyozungushwa na mota ya umeme, navyo huifanya sauti itetemeke hewani. Chini kuna kikanyagio ambacho mpigaji hukitumia kuiacha sauti iendelee au kuikata. Chombo hicho kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920, na kwa muda hakuna aliyejua kifanyiwe nini hasa.

Mtoto wa vita na wa uhamiaji

Lionel Leo Hampton alizaliwa tarehe 20 Aprili 1908 mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky. Baba yake, Charles Hampton, alichukuliwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na familia ikaarifiwa kwamba amepotea vitani. Wote wakaamini kwamba amekufa. Mama yake alimpeleka kwa wazazi wake mjini Birmingham, Alabama, na hatimaye ukoo huo ukahamia kaskazini, mjini Chicago, kama walivyofanya mamia ya maelfu ya watu weusi walioikimbia dhuluma ya majimbo ya kusini.

Huko Chicago mtoto huyo aliishi karibu na mjomba wake, Richard Morgan, aliyejipatia fedha nyingi kwa biashara ya pombe ya magendo katika miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku Marekani. Nyumba ya mjomba ilikuwa kituo cha wanamuziki, na masikio ya kijana yalifunguka mapema. Hata hivyo, somo lake la kwanza la ngoma hakulipata katika baa. Lilitoka kwa mtawa wa Kikatoliki katika shule ya bweni huko Wisconsin, aliyemfundisha kushika vijiti na kuhesabu mapigo kwa nidhamu kali.

Aliporejea Chicago, alianza kuuza gazeti la Chicago Defender, gazeti mashuhuri la watu weusi. Kazi hiyo ilikuwa na faida iliyozidi senti alizopata: wauza magazeti walikuwa na bendi yao, na kijana huyo akapata nafasi ya kupiga ngoma humo. Jimmy Bertrand, mpiga ngoma maarufu wa mji huo, alimfundisha pia zailofoni, yaani marimba ya mbao. Hivyo alipofika utu uzima alikuwa na mikono miwili iliyozoea kazi mbili: kushika mapigo ya ngoma, na kutafuta sauti za wimbo juu ya vipande vya mbao.

Siku moja studioni

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Hampton alihamia California na kuajiriwa kama mpiga ngoma. Katika klabu moja karibu na Los Angeles alipiga katika bendi ya Les Hite, na mwaka 1930 mgeni mkubwa alifika kuimba na bendi hiyo: Louis Armstrong, mpiga tarumbeta ambaye jina lake lilikuwa limeenea tayari.

Mwezi Oktoba mwaka huo, Armstrong na bendi waliingia studioni kurekodi santuri. Pembeni mwa chumba palikuwa na vibrafoni. Kazi ya chombo hicho katika redio za wakati ule ilikuwa kutoa milio michache ya kengele ya kuutambulisha mtangazo, basi. Armstrong alimuuliza kijana huyo kama anaweza kukipiga. Hampton alikuwa hajawahi kukipiga chombo hicho, lakini mpangilio wa vipande vyake ulifanana na ule wa zailofoni aliyoijua. Akaanza kupiga sauti kwa sauti vipande ambavyo Armstrong mwenyewe alikuwa amevipiga katika santuri zake, ambavyo kijana alikuwa amevikariri. Armstrong alifurahi, na siku hiyo hiyo vibrafoni ikaingizwa katika wimbo uitwao Memories of You. Santuri hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chombo hicho katika jazz.

Armstrong huyo ndiye aliyefika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwezi Novemba 1960, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Kwa hiyo watu wa ng'ambo ya Ziwa Mweru walipata kumwona kwa macho yao mtu ambaye, miaka 30 kabla, kwa swali moja tu, alikuwa ameyabadilisha maisha ya mpiga ngoma asiyejulikana.

Watu wanne jukwaani

Hampton aliiacha ngoma polepole na kukishika chombo kipya. Gladys Riddle, mshonaji nguo hodari aliyewashonea waigizaji wa Hollywood, alimhimiza aendelee kujifunza, na ndiye aliyetunza fedha zao. Mwaka 1936 walifunga ndoa. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, mpiga kilarineti Benny Goodman alimsikia Hampton akipiga katika klabu ya Paradise mjini Los Angeles. Goodman alikuwa mwana wa Wayahudi wahamiaji kutoka Ulaya ya mashariki, naye wakati huo alikuwa kiongozi wa bendi iliyopendwa kuliko nyingi nchini Marekani. Usiku huo alipanda jukwaani akapiga naye, na muda si mrefu wakarekodi pamoja.

Ndivyo lilivyozaliwa kundi la watu wanne: Goodman kwenye kilarineti, Gene Krupa kwenye ngoma, Teddy Wilson kwenye piano na Hampton kwenye vibrafoni. Wawili walikuwa weupe, wawili weusi. Leo jambo hilo halishangazi mtu. Wakati ule, wanamuziki wa rangi mbalimbali waliweza kukutana katika studio, ambako hakuna mtazamaji, lakini jukwaa mbele ya watu lilikuwa jambo lingine kabisa. Wilson alikuwa ametangulia kupiga hadharani na Goodman katika kundi la watu watatu, na kuja kwa Hampton kuliufanya mchanganyiko huo uwe wa nusu kwa nusu. Miaka 11 ilikuwa bado kabla Jackie Robinson hajaruhusiwa kucheza katika ligi kuu ya mchezo wa besiboli, tukio ambalo wengi hulitaja kama mwanzo wa kuvunjika kwa utengano katika maisha ya hadhara.

Makofi ya ukumbini hayakuyafuta yale ya nje. Katika safari za bendi, hasa kusini, Hampton na Wilson walikuta hoteli na migahawa isiyowapokea, ilhali wenzao waliingia kwa mlango wa mbele. Goodman alikataa kuwaacha nyuma. Tarehe 16 Januari 1938, kundi hilo lilipiga katika ukumbi wa Carnegie, New York, ambao ulikuwa umezoea muziki wa Ulaya. Onyesho hilo lingali linatajwa kuwa siku ambayo jazz ilipewa kiti miongoni mwa sanaa kubwa za dunia.

Bendi iliyokuwa shule

Mwaka 1940 Hampton aliondoka kwa Goodman na kuunda okestra yake. Gladys akawa meneja. Yeye ndiye aliyetia saini mikataba, akalipa mishahara na kuamua nani aajiriwe, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke mweusi wa zama zile. Mwaka 1942 okestra ilirekodi wimbo wa Flying Home. Mpiga saksafoni Illinois Jacquet, kijana wa miaka 19, alipiga humo kipande chenye nguvu ambacho wapigaji waliofuata walilazimika kukijifunza, kwani wasikilizaji hawakukubali wimbo huo bila kipande hicho. Wanahistoria wengi wa muziki huona katika mapigo ya santuri hiyo mbegu ya midundo iliyokuja kuitwa rock and roll.

Kwa miaka mingi okestra hiyo ilikuwa chuo kisicho na majengo. Humo alipita mwimbaji Dinah Washington alipokuwa bado msichana, mpiga besi Charles Mingus, mpiga gitaa Wes Montgomery, mpiga tarumbeta Clifford Brown na Quincy Jones, ambaye baadaye alikuja kuwa mtayarishaji wa muziki mwenye jina kubwa duniani. Hampton alikuwa na jicho la kuwatambua vijana, naye aliwaacha wajaribu.

Lakini shule hiyo ililipa kidogo, na wanamuziki wake hawakuficha manung'uniko yao. Katika ziara ya Ulaya ya mwaka 1953, vijana wa bendi walikatazwa kurekodi na watu wengine. Mjini Paris, baadhi yao, akiwamo Clifford Brown, walitoka hotelini usiku kwa siri na kwenda kurekodi. Santuri walizoziacha huko zinathaminiwa sana hadi leo. Wako pia wahakiki waliomshutumu Hampton kwa kupenda vituko: alirusha vijiti hewani, aliruka juu ya ngoma, na aliurefusha wimbo ilimradi watu waendelee kupiga makofi. Hakubadilika. Alishikilia kwamba aliyelipa kiingilio ana haki ya kurudi nyumbani akiwa na furaha.

Kupotea na kupatikana

Mwishoni mwa miaka ya 1930, jina la Hampton likiwa limeshavuma, habari ilimfikia ambayo hakuitarajia. Baba yake hakufa vitani. Alikuwa hai, kipofu, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Dayton, Ohio. Mwana alikwenda kumwona. Mtoto aliyelelewa kama yatima wa vita alisimama mbele ya baba ambaye hakuweza kumwona, baada ya miaka zaidi ya 20. Familia nyingi zilizotenganishwa na mapigano zinaujua uzito wa saa kama hiyo, na katika mwambao wa Ziwa Mweru, uliowapokea wakimbizi kutoka Kongo kwa vipindi mbalimbali, kisa hicho hakihitaji maelezo marefu.

Gladys alifariki mwaka 1971. Hawakuwa na watoto, na Hampton hakuoa tena. Alielekeza nguvu zake katika ujenzi wa nyumba za bei nafuu mtaani Harlem, New York. Baadhi ya majengo hayo yalipewa jina lake na mengine jina la Gladys. Katika siasa alikiunga mkono chama cha Republican, msimamo uliowashangaza wengi kwa kuwa Wamarekani weusi wengi walikuwa wamekihama chama hicho. Chuo Kikuu cha Idaho, kaskazini magharibi mwa nchi, kiliipa tamasha lake la jazz jina lake mwaka 1985, na miaka miwili baadaye kitivo chake cha muziki pia.

Mwaka 1991, akiwa Paris, alipatwa na kiharusi, lakini alirudi jukwaani. Januari 1997 moto ulizuka katika makazi yake mjini New York na kuteketeza karibu kila kitu: santuri, karatasi za muziki, picha za miaka mingi. Mzee huyo, aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, aliokolewa. Siku mbili baadaye alikuwa Washington, amevaa suti ya kuazima, akipokea Nishani ya Taifa ya Sanaa kutoka kwa Rais Bill Clinton.

Lionel Hampton alifariki tarehe 31 Agosti 2002 katika hospitali ya Mount Sinai, New York. Maandamano ya mazishi yake yalipita Harlem yakiongozwa na wapiga tarumbeta na ngoma, kwa desturi ya watu weusi wa New Orleans ya kumsindikiza marehemu kwa muziki.

Leo vibrafoni hufundishwa katika vyuo vya muziki duniani kote, na mjini Addis Ababa, Mulatu Astatke aliitumia kuujenga muziki wa jazz wenye ladha ya Ethiopia. Marimba iliyoondoka Afrika ikiwa ya mbao na vibuyu imerejea ikiwa ya chuma na umeme. Miongoni mwa mikono iliyoisafisha njia hiyo ya kurudi, mkono wa yule muuza magazeti wa Chicago ulitangulia.